Saa za kupima joto shambani: maswali yenu

Mwajiri anataka kutuvalisha saa za kupima joto wakati wa kukata miwa. Zinapima joto la mwili kweli? (Msimamizi, Kilombero)

Nusu nusu. Joto linaloua ni la ndani, na saa inagusa ngozi tu. Ngozi yenye jasho inaweza kuwa imepoa huku ndani kunawaka. Ndiyo maana nyingi husoma mapigo ya moyo, kisha programu ikakadiria joto la ndani. Mapigo yenyewe husomwa kwa mwanga unaoingia kwenye ngozi, na mkono unaorusha panga kutwa huuvuruga usomaji huo. Mwombeni mkanda wa kifuani, unaonasa umeme wa moyo. Ikishindikana, saa ivaliwe mkono usioshika panga, tena ibane. Na muuzaji aulizwe: imejaribiwa kwa wakata miwa, au kwa wakimbia mbio?

Eti Marekani vibarua humeza kifaa? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli. Huko Florida, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory waliwapa wafanyakazi wa mashambani kidonge chenye kihisi, kinachopima joto la tumboni na kurusha vipimo kwa mawimbi ya redio, kisha kutoka chooni. Kinaishinda saa kwa usahihi, ila ni cha utafiti, na mwenye matatizo ya utumbo hapewi.

Nalipwa kwa tani. Kifaa kikilia nikakaa kivulini, nani atanilipa? (Mkata miwa, Turiani)

Hapa ndipo penyewe, kaka. Kifaa hulia tu. Ruhusa ya kupumzika anayo nyapara. Anayelipwa kwa tani atakivua akitie mfukoni, nami simlaumu.

Nchini El Salvador, Amerika ya Kati, ambako ugonjwa wa figo umewaandama wakata miwa, uliwahi kujaribiwa mpango wa kuwapelekea maji, kivuli cha kuhamishika na mapumziko ya ratiba. Tani za kila mkataji zilipanda. (Walipewa na panga bora, kwa hiyo sifa zote si za kivuli.) Mapumziko yale hayakungoja mtu azidiwe. Basi kabla hamjavaa chochote, iandikwe kwamba dakika za kivulini zinalipwa kwa wastani wa kipato cha siku. Mwajiri akikataa, hizo saa ni mapambo.

Bosi ataona hata mambo yangu ya usiku? (Mfanyakazi wa maua, Naivasha)

Ukienda nayo nyumbani, anaweza. Iachwe getini kila jioni. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti; ulizeni nani anazisoma, na zinafutwa lini.

Sisi hatuna saa wala mkanda. (Mkulima wa mpunga, Mbarali)

Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono vinatosha. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kikomo ni 180 ukitoa umri wako: mwenye miaka 30 ana 150. Yakibaki juu ya hapo kwa dakika kadhaa, weka jembe chini. Kibarua mgeni asizidishe moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe kila siku. Akianza kuropoka au kuyumba, mvutieni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na gari la hospitali litafutwe papo hapo. Anayemeza dawa za presha asiitegemee hesabu hii, maana baadhi yake hupunguza mapigo.