Samaki Aking'atwa Mapezi, Mtoe Kwanza Anayemng'ata

Asubuhi moja nilimkuta samaki wangu wa manjano amejibana kwenye kona ya juu ya tangi, nyuma ya bomba la chujio. Mkia ulikuwa umebaki nusu. Pezi la mgongoni lilichanika kama kanga iliyonasa kwenye msumari.

Nafuga mbuna, wale samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa. Siku ile nilikimbilia dukani kununua dawa ya bakteria, nikaimimina kwenye tangi zima. Baada ya siku tano mkia ulikuwa mfupi zaidi, kwa sababu aliyekuwa akimng'ata bado alikuwa naye humo humo.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, vuta kiti ukae mbali kidogo na tangi, utulie nusu saa. Ukisogea karibu samaki hudhani unaleta chakula na huacha ugomvi wao. Nilipokaa hivyo nilimwona mchokozi, mbuna wa aina ya Melanochromis auratus, ambaye nilimnunua akiwa mdogo, wa njano mwenye mistari myeusi. Wiki za karibuni alikuwa akigeuka mweusi, nami nikahofu anaumwa. Kumbe dume la aina hiyo hugeuka rangi hivyo linapokomaa na kushika eneo lake.

Mchokozi akiwa mmoja, mtoe yeye. Aliyeumia sana naye mtenge. Mimi nilitumia beseni la plastiki la lita 40, nikaweka chujio la sponji lililokwisha kukaa kwenye tangi kubwa ili liende na bakteria wake wanaosafisha maji, kipande cha bomba cha kujifichia, na wavu juu asiruke nje.

Tiba yenyewe ni maji safi. Nilibadilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, yakiwa na joto sawa na ya beseni na yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Niliongeza chumvi tupu ya mawe, gramu 1 kwa kila lita, nikiiyeyusha pembeni kwanza. Hapa wengi hukosea: chumvi haipotei na mvuke. Ukitoa lita 10 za maji, rudisha chumvi ya lita 10 tu. Kama una kambare wa mapambo au mimea ndani, achana na chumvi kabisa. Chakula nilimpa kidogo, nikitoa mabaki yote.

Lijue pia jeraha lenyewe. Pezi lililong'atwa huwa na ukingo safi, kama lililokatwa kwa mkasi. Ukiona ukingo umekuwa mweupe wenye nyuzinyuzi, au wekundu unapanda kuelekea mwilini siku hadi siku, huko ni kuoza, na hapo ndipo dawa ina kazi, tena ndani ya beseni, si kwenye tangi kubwa lenye bakteria wanaosafisha maji. Na kama jino limefika kwenye shina la pezi, huenda lisiote tena.

Jeraha la samaki wangu lilikuwa halijafika huko. Siku ya tisa niliona utando mwembamba kwenye ncha ya mkia, usio na rangi, kama ukucha wa mtoto mchanga. Usiudhanie kuvu. Hilo ndilo pezi jipya, na rangi hufuata baadaye. Wiki ya tano mkia ulikuwa umekaribia urefu wake.

Siku ya kumrudisha nilipanga upya mawe yote, kila samaki akapoteza ngome yake, kisha nikamwachia usiku taa zikiwa zimezimwa. Auratus sikumrudisha, nilimpa mfugaji mwenye tangi kubwa. Kama tangi lako ni la lita 200 kama langu, nakusihi usimnunue, hata akikuvutia vipi akiwa mdogo.

Asubuhi yake nilimkuta wa manjano katikati ya mawe, akipekua mchanga pamoja na wenzake.