Kuku wa oveni: acha kuongeza viungo, mkaushe kwanza

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, namtia kuku wangu kila kiungo kilichopo kabatini, namwoka mpaka nachoka kusubiri, lakini anatoka mweupe na amekaa kwenye maji kama wa kuchemsha. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi, halafu nikaona jibu lenyewe linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu najua si yeye peke yake. Wengi wetu tunataka kitu kimoja: kuweka mezani kuku aliyeiva vizuri, ngozi ikilia chini ya kisu, na watu waache kuzungumza kidogo.

Nilipoolewa nilikuta familia inayojua chakula, na wifi yangu mkubwa ndiye aliyeshika oveni siku za wageni. Siku moja nikamwomba aniachie kuku nimwoke mimi. Hakuinua hata macho. "Wewe endelea na sufuria, wifi. Oveni ina wenyewe." Alisema mbele za watu. Nilinyamaza nikaendelea kumenya vitunguu, na vitunguu vile vilinisitiri, maana machozi yalipata pa kusingizia.

Neno lile linaniuma mpaka leo. Lakini ndilo lililonisukuma nianze kusoma, kuuliza, na kusimama nyuma ya kila mtu aliyekuwa akioka kuku nikiangalia mikono yake. Ya katikati nayaacha. Jumapili iliyopita nyumba ilijaa, kuku alikuwa wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wifi huyo huyo alijipakulia tena, kisha akabandua kwa kidole kipande cha ngozi kilichogandia kwenye trei. Hakusema kitu. Mimi niliona, na nimeridhika.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo penye ugomvi wote. Maji yakichemka hayapiti nyuzi 100, na ngozi ya kuku haishiki ile rangi ya kahawia vizuri mpaka ivuke nyuzi 140 hivi. Rangi ile na harufu yake hutokea pale protini na sukari zilizomo kwenye nyama zinapokutana na joto kali. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza kazi hiyo mwaka 1912. Kwa hiyo ngozi ikiingia imelowa, oveni inatumia nguvu zake zote kuyafukuza maji kwanza. Kuku anapikwa kwa mvuke. Ukimmwagia mchuzi wa mtindi na ndimu dakika ya mwisho umemwongezea maji, hata kama ndani yake kuna viungo kumi.

Kwa kuku wa kilo moja na nusu, vijiko 2 vya chai vya chumvi laini vinatosha, na pilipili manga. Ukipenda kitunguu saumu, kiwe cha unga. Mfute kwa tishu za jikoni nje na ndani mpaka tishu zitoke kavu. Mpake chumvi kote, ingiza vidole upenyeze nyingine chini ya ngozi ya kidari, kisha mweke kwenye friji bila kumfunika, rafu ya chini kabisa asije akadondoshea vyakula vingine, mpaka kesho yake. Chumvi itavuta maji nje kwanza, itayeyukia humo, kisha itarudi nayo ndani ya nyama. Kesho yake mguse: ile ngozi nyeupe yenye utelezi imekauka, imevutika, na rangi ya nyama inaonekana kwa chini. Ukiona hivyo, kazi kubwa imekwisha na oveni hujaiwasha bado.

Na usimwoshe kwenye sinki. Najua hapa nitagombana na wengi, lakini maji ya bomba hayaui vijidudu kama Salmonella na Campylobacter. Yanavirusha kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari uliyoiweka pembeni. Kinachoviua ni moto.

Oveni iwe imeshafika nyuzi 220 kabla kuku hajaingia. Tumia trei isiyo na kuta ndefu, tandika vitunguu na viazi vilivyokatwa, mlaze juu yake kidari kikiangalia juu, na usimfunike kwa foili. Saa moja hadi saa moja na robo. Ukiwa na mapaja tu, yenye mfupa na ngozi, hesabu dakika 35 mpaka 45, na uyapange kwa nafasi, maana yakibanana yatatoa maji na utarudi pale pale kwenye mvuke.

Kipimajoto cha nyama ndicho kifaa ninachokitetea kuliko vyote jikoni kwangu. Kichome sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa: nyuzi 74 kuku ni salama. Paja mimi naliacha lipite 80, kwa sababu lina mishipa inayohitaji joto zaidi ili ilainike. Rangi ya maji yanayotoka isikudanganye, kuku aliyeiva anaweza kuwa mwekundu karibu na mfupa, na ambaye hajaiva anaweza kutoa maji meupe.

Wapendwa, tunapenda njia ya mkato. Tunanunua chupa nyingine ya viungo, tunaamini jina lililoandikwa juu yake, kisha tunamtoa kuku kwenye friji saa moja kabla wageni hawajabisha hodi. Panga mapema. Chumvi jana yake, ngozi kavu, oveni ya moto. Nasema tena: chumvi jana yake, ngozi kavu. Na wewe unayejua kupika, akija mtu jikoni kwako kuomba ajaribu, mpishe. Simama pembeni umwelekeze, ukae na maneno yako. Hujui atayabeba kwa miaka mingapi.

Akitoka, mwache kwenye ubao dakika 15 bila kumfunika kabla hujamkata, la sivyo maji yake matamu yataishia mezani. Anza kwa mapaja, kisu kitajionea chenyewe maungio. Kitakachobaki kiingie friji ndani ya saa 2, kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Mifupa usitupe: funika kwa maji, tia kitunguu kimoja, moto mdogo saa mbili, na supu ya kesho umeshaipata.