Jina la Dublin usoni halitoshi: tazama kabati

Ndugu, umeuliza kama saa ndefu ya kusimama uliyoiona mnadani, uso umepakwa rangi na kuandikwa "Dublin", ni ya Ireland kweli. Usianze na uso. Kuanzia miaka ya 1770 nyuso nyingi za rangi zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, zikauzwa kwa mafundi wa miji mingi, Ireland ikiwemo. Jina liliandikwa baadaye. Omba kuchungulia nyuma ya uso: mara nyingi kuna bamba la chuma lenye jina la kiwanda, kama Osborne au Wilson.

Asili hujionyesha zaidi kwenye kabati, yaani sanduku la mbao linaloibeba saa. Kazi nzuri ya Dublin ya karne ya 18 ni ya mahogani nzito, nyeusi kidogo, yenye nakshi za kombe za baharini na majani zilizochongwa kwa kina. Mimi huzipenda kuliko za London, ambazo naziona zimejizuia mno. Kaskazini, upande wa Belfast, utaona mkono wa Scotland, maana ni jirani tu ng'ambo ya bahari.

Kisha hakikisha mashine na kabati hazikutoka kwenye saa mbili tofauti zikaunganishwa baadaye. Vua kichwa cha kabati, uangalie ubao unaobeba mashine: matundu ya ziada au vipande vipya vya mbao vilivyoongezwa chini yake ni dalili mbaya. Ukiviona, usilipe bei ya saa kamili, hata nakshi ikikupendeza vipi.