Ubaguzi iko hapa kwetu, juu ya nini watupeleke mpaka sayari zingine?

SWALI: Yaya, jambo. Mi nasoma sana romani za siansi-fiksio, kaka yangu ananitumiaka toka Goma kwa boti. Juu ya nini waandishi wanapenda kuweka ubaguzi kwa maroboti na watu wa sayari zingine? Hapa Bukavu ata kwa kikao ya harusi, mutu hajakaa bado, wanaanza kuulizana baba yake ni wa wapi. Si waandike wazi tu? (Msomaji wa Kadutu)

JIBU: Jambo sana mudogo wangu. Nami nikuulize: nikianza hadithi na kabila moja ya kwetu, utafanya nini ya kwanza? Utaangalia jina yangu uone niko upande gani, na hadithi imeisha hapo, unabakia kuhesabu makosa tu. Kabila ya kubuni haina shemeji wala jirani kwako, njo maana unaisoma na roho nyeupe, kushtuka uko katikati ya kitabu unasema eh, kumbe ni sisi hawa.

Kamata Qui a peur de la mort ? ya Nnedi Okorafor, ilitoka kwa Kiingereza 2010. Ni Sudan ya miaka ijayo, lakini wazo ilitokea kwa habari ya gazeti ya 2004 juu ya vita ya Darfur. Onyesonwu, msichana mwenye hadithi inamufuata, alizaliwa juu mama yake alibakwa na mutu wa kabila ingine, na watu wanamujua kwa sura tu, ile ngozi ya rangi ya muchanga, wanasema mtoto wa jeuri naye atakuwa mutu wa jeuri. Rafiki yake Mwita, wazazi wake walipendana kabisa, lakini naye anaitwa jina ile ile, nani alimuuliza? Alafu mzee mwenye kufundisha uchawi anapokea Mwita, lakini anamufukuza Onyesonwu juu ni msichana! Hapo niliweka kitabu chini kwanza. Watoto kama hawa tuko nao Kivu, na majina yenye wanaitwa shuleni tunayajua.

Sisemi zote ni nzuri. Kuna romani zenye sayari nzima ina tabia moja, hawa wote wezi, wale wote wapiganaji, mwandishi anafikiri anapinga ubaguzi kumbe anaongea sawa wale wa kikao ya harusi. Mi naangaliaka kama kuna ata mutu mmoja wa ile sayari mwenye anabishana na wenzake. Kama hayuko, nafunga nachukua ingine.