Dhoruba imepita, mbona detekta haipati kitu?

SWALI: Baada ya dhoruba nilizunguka ufukweni na detekta ya metali kwa saa 3, nikaambulia vizibo vya soda tu. Nakosea wapi?

JIBU: Dhoruba hufukua upande mmoja na kufukia upande mwingine, kwa hiyo soma mchanga kabla ya kuwasha mashine. Mguu ukididimia kwenye mchanga mlaini, huo umeletwa juzi, achana nao. Tafuta ukuta mdogo wa mchanga uliokatwa wima na mawimbi. Chini yake ufukwe umeshuka, na kokoto, makombe mazito au udongo wa mfinyanzi vimejitokeza.

Hapo ndipo penyewe. Mchanga wa kawaida ni mzito kama mara 2.6 kuliko maji, madini ya risasi mara 11.3, dhahabu safi mara 19.3. Pete huzama mpaka igote tabaka gumu. Ukiokota chubwi ya mvuvi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, usiondoke: vitu vya uzito wa aina hiyo hukusanyika pamoja. Pita kwa mistari sambamba, koili (ile sahani ya chini ya detekta) ikikaribia kugusa mchanga, kila mpigo ukifunika nusu ya uliotangulia.

Anza ukiwa umebaki muda wa saa 2 maji yapwe kabisa, uyafuate yakishuka. Usichelewe siku nyingi, maana bahari ikitulia hurudisha mchanga.

Detekta ikilialia ovyo kwenye mchanga uliolowa chumvi, punguza usikivu kidogo kidogo, kisha isawazishe upya na ardhi, yaani iupime mchanga wa hapo ili iupuuze. Na tafadhali usichimbe chini ya ukuta ule wa mchanga, huporomoka ghafla.