Umetuma "Hello" kwenye mradi huria halafu kimya? Soma hapa

Mkuu, unalalamika wiki mbili hujajibiwa kwenye mradi huria, yaani programu ambayo msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuchangia, na ujumbe wenyewe ni "Hello, naomba nipangiwe kazi." Basi. Sisi Dar tumezoea kubisha hodi, kusalimiana, kuulizana za nyumbani, ndipo tuseme kilichotuleta. Kwenye programu huria ukisalimia ukangoja kuitikiwa, utangoja sana. Msimamizi wa mradi mara nyingi anajitolea tu, anafungua ujumbe akishatoka kazini kwake. Kama yuko California, yuko nyuma yetu kwa saa 10 au 11, kwa hiyo kila "unamaanisha nini?" inakula siku nzima. Salimia kwa neno moja, kisha shusha mzigo wote palepale.

Mimi niliwahi kuripoti hitilafu ya programu moja ya fomu hivi: toleo ninalotumia, simu ni Android, nikijaza namba inayoanza na 07 inakataa, nikianza na +255 inapita, nilitarajia zote zipite. Na picha ya skrini. Jibu likaja: "Unaweza kurekebisha mwenyewe?" Kazi nikapewa bila kuiomba.

Ukifika kwenye kurekebisha msimbo wenyewe, soma kwanza faili la CONTRIBUTING, lenye maelekezo kwa wachangiaji, maana kila nyumba ina utaratibu wake. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kwa mfano, hupokea mabadiliko kwa barua pepe ya maandishi matupu, yenye mstari wa Signed-off-by, wa kuthibitisha kuwa una haki ya kuitoa kazi hiyo. Gusa kitu kimoja tu. Usiache kihariri chako (programu unayoandikia msimbo) kipange upya nafasi za faili zima. Nani atayaona marekebisho yako ya mistari mitatu humo ndani?

Na ukali wa baadhi ya wasimamizi una sababu. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, mwaka 2020 iliahidi fulana kwa maombi manne ya mabadiliko (pull request), watu wakamwaga maombi ya kuongeza neno moja kwenye README, faili la maelezo ya mradi, hadi waandaaji wakabadili kanuni mwezi uleule: mradi usiojiunga kwa hiari hauhesabiwi. Aibu tupu.

Kukumbusha ruksa. Mwongozo wa kernel unataka usubiri angalau wiki moja. Mstari mmoja unatosha, palepale ulipoandika, si kumfuata mtu inboksi.

Ule ujumbe wako usiufute. Ongeza chini yake kazi unayoitaka na utakavyoifanya. Ukitaka, ubandike hapa kwanza niupitie.