Maswali na Majibu: Skrini Yako na Filamu Zenye Kufuli

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Wengi wenu mmenunua skrini ya kompyuta badala ya runinga kwa sababu chumba ni kidogo na bei ni nafuu, kisha mkakuta filamu mliyolipia haifunguki. Tafadhali someni jibu la kwanza lote kabla ya kuniandikia.

Fundi, habari yako. Nilinunua skrini ya inchi 24, ex-UK, pale Luthuli Avenue. Ina matundu ya picha ya VGA na DVI tu. Nimeiunganisha na laptop kwa kebo ya HDMI kwenda DVI. Filamu za kwenye flash zinacheza safi, lakini nikiweka diski ya Blu-ray niliyoinunua kihalali, programu inakataa, inasema skrini haifai. Kwenye laptop yenyewe diski inacheza. Je, nimeuziwa skrini mbovu? (Msomaji, Umoja)

Skrini yako si mbovu, kaka. Haina HDCP, basi.

HDCP ni kinga iliyobuniwa na Intel kulinda picha inapopita kwenye kebo. Kabla filamu haijaanza, kifaa kinachotuma picha, iwe laptop, PlayStation au dikoda, huitaka skrini ijitambulishe kwa funguo za siri zilizowekwa ndani yake kiwandani. Funguo zikikubalika, picha inasimbwa, inapita kwenye kebo ikiwa haisomeki, na skrini ndiyo inayoifumbua. Skrini isipokuwa na funguo hizo, kifaa kinakataa kutuma. Utaona giza, au chengachenga, au ujumbe kama huo ulioupata, au picha ya ubora wa chini. Ukaguzi huo haufanywi mara moja tu. Unaendelea muda wote filamu inapocheza, ndiyo maana kebo iliyolegea inaweza kukukatia picha katikati ya filamu.

Filamu ya kwenye flash haina ulinzi wowote, kwa hiyo laptop haiulizi chochote, inatuma tu. Na hapa ndipo ninapokasirika, na nitaendelea kuliandika hili mpaka lisikike: aliyejaziwa flash kwa shilingi chache River Road anatazama bila shida, na wewe uliyetoa pesa zako kununua diski halali ndiye unayeambiwa kifaa chako hakifai. Waliotunga mfumo huu walimfungia mlango mteja wao.

Ukubwa wa skrini hauna neno hapa, wala wingi wa pikseli, yaani nukta za picha. Skrini ya Apple ya inchi 30 iliyotoka 2004 ilikuwa na pikseli 2560 kwa 1600, nyingi kuliko Full HD, na ilikuwa ghali mno. Haikuwa na HDCP. Filamu ya Blu-ray ingeikataa kama inavyoikataa yako.

Tundu la DVI ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu skrini mbili zenye tundu lile lile, moja inaweza kuwa na HDCP na nyingine isiwe nayo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Na muuzaji akikuambia atakuwekea "draiva" skrini ianze kukubali, muage uende zako. Funguo ziko kwenye chipu; programu haiziongezi.

Ushauri wangu kwa anayekwenda kununua kesho: geuza skrini, usome kibandiko cha nyuma. Unataka namba kamili ya modeli na mwaka wa kutengenezwa. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa au kimefunikwa na stika ya duka, achana na skrini hiyo, kwa sababu hapo unanunua mbuzi kwenye gunia. Ukishaipata namba, toa simu, tafuta maelezo ya kampuni iliyoitengeneza, uangalie kama neno HDCP limeandikwa. Kisha ijaribu palepale kwenye kaunta kwa laptop yako na filamu yako ya kulipia. Muuzaji atataka kukufungulia video ya YouTube ya mandhari na samaki wa rangi. Ukubali uitazame, ila haithibitishi lolote, maana video hiyo haiulizi funguo. Kama laptop yako ina kadi ya Nvidia, fungua programu yake ya mipangilio, uende palipoandikwa "View HDCP status". Itakujibu kama skrini iliyounganishwa inakubali au haikubali.

Yako, rudi nayo dukani kama risiti inakuruhusu. Ikishindikana, ni skrini nzuri ya kazi za ofisi. Blu-ray utazame kwenye laptop.

Je, adapta ya HDMI kwenda VGA itanisaidia kutazama Blu-ray kwenye skrini ya zamani? (Msomaji, Kayole)

Hapana. VGA ni analogi, ile njia ya zamani isiyo ya kidijitali, haina mahali pa kubeba HDCP, na vichezeshi vya Blu-ray vilivyotengenezwa baada ya 2013 haviruhusiwi kutoa filamu hizo kwa njia ya analogi.

Skrini yangu ni HD. Itacheza filamu? (wasomaji wengi mno)

Skrini gani? Modeli gani? Matundu gani? Filamu kutoka wapi, diski, Netflix au flash? Nimeomba mambo haya mara nyingi kwenye safu hii, na bado napokea maswali ya mstari mmoja kama hili. "HD" ni idadi ya pikseli. HDCP ni ruhusa. Moja halikuambii habari za jingine. Andika namba ya modeli nami nitakujibu.

Hujambo fundi? Mimi ni mwanafunzi. Nimejinyima nikanunua skrini ya 4K, na tunachangia na wenzangu Netflix ya Premium. Lakini picha ya Netflix kwenye skrini hii ni ileile ya zamani, haina tofauti. Nimebadilisha kebo, wapi. (Msomaji, Kasarani)

Sijambo, dada. Wewe hujafungiwa filamu. Umeshushiwa ubora kimyakimya, na hilo naliona baya zaidi, kwa sababu unalipia 4K na hakuna anayekwambia kwamba huipati.

Anza kwa kujua unachopata. Filamu ikiwa inacheza kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Alt, Shift na D kwa pamoja. Yatatokea maandishi juu ya picha. Tafuta mstari wenye vipimo vya pikseli. Ukiona 3840 kwa 2160, unapata 4K yako. Ukiona 1920 kwa 1080 au chini ya hapo, endelea kusoma.

Kwa 4K, HDCP ya zamani haitoshi. Inatakiwa HDCP 2.2, iliyotoka 2013, na skrini nyingi za kwanza za 4K hazikuwa nayo. Nyingine zinayo kwenye tundu moja tu kati ya matatu. Kijitabu cha skrini kitakuambia ni lipi. Hamishia kebo hapo kabla ya kununua chochote. Halafu kumbuka kwamba ruhusa hii inatakiwa kwa kila kifaa kilicho njiani. Ukiwa na dok ya USB (ya kuongezea laptop matundu), redio ya sinema inayopitisha HDMI au splita (ya kugawa picha kwa skrini kadhaa) katikati, na hicho kimoja kikiwa cha zamani, vyote vinashuka hadi kiwango chake. Unganisha laptop na skrini moja kwa moja, na kama una skrini ya pili, ichomoe wakati wa kujaribu.

Bado kompyuta yenyewe. Netflix ya 4K kwenye Windows haiji kwa Chrome, fungua Edge. Kwa laptop za Intel inatakiwa prosesa ya kizazi cha 7 au zaidi, na Windows iwe imewekewa kiendelezi cha HEVC, cha kufungulia video zilizobanwa kwa mtindo huo, kutoka duka la Microsoft. Skrini iwe kwenye 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, si 30. Intaneti nayo iwe na angalau Mbps 15 zinazokufikia kweli, na hostelini saa mbili usiku, kila mtu akiwa mtandaoni, huenda hata nusu yake usiione. Kwa hiyo fanya jaribio lako asubuhi na mapema.

Nakuonya pia juu ya huko kuchangia. Netflix inataka akaunti iwe ya nyumba moja. Siku ikiwafungia, msije mkaniuliza habari za HDMI.

Nimezima HDCP kwenye PS4 ili nirekodi mechi zangu. Sasa Netflix haifunguki. (Msomaji, South B)

Iwashe tena. Kuizima kunaruhusu kurekodi michezo, na kunafunga programu zote za filamu.

Fundi, nilipata drive ya kusoma diski za 4K Blu-ray, nikaiweka kwenye kompyuta mpya ya Intel kizazi cha 12. Skrini ina HDCP 2.2, nimehakikisha. Diski za 4K zinagoma. Rafiki yangu ana kompyuta ya zamani ya kizazi cha 8 na kwake zinacheza. Inawezekanaje? (Msomaji, Lang'ata)

Inawezekana, na ni mfano wa kusikitisha kuliko yote niliyo nayo. Diski za 4K kwenye kompyuta zilidai sehemu maalumu ya usalama ndani ya prosesa za Intel iitwayo SGX. Ilikuwamo kwenye vizazi vya 7 hadi 10. Kuanzia kizazi cha 11 Intel iliiondoa kwenye prosesa za kawaida za kompyuta, na kinga ya diski ikabaki inaidai. Kompyuta ya AMD nayo haikuwahi kuwa nayo.

Kwa hiyo skrini yako ni sawa, kebo ni sawa, diski ni halali, na umenunua prosesa mpya kwa jasho lako, halafu kompyuta ya rafiki yako yenye miaka mingi inakushinda. Usihangaike na mipangilio. Rudisha hiyo drive kama inarudishika, ununue kichezeshi cha kusimama peke yake cha 4K Blu-ray. Hicho hakihitaji Intel, na kitaelewana na skrini yako kupitia HDMI.

Kuna kijisanduku kinachoondoa HDCP. Kinauzwa wapi hapa mjini? (Msomaji, Eastleigh)

Sitakutajia. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia, na bodi ya hakimiliki, KECOBO, ina meno.

Lakini nitasema ninachoamini. Mwezi wa Septemba 2010 ufunguo mkuu wa HDCP ya kwanza ulivujishwa mtandaoni, na Intel yenyewe ikakiri kwamba ni wa kweli. Tangu siku hiyo kufuli hilo halijamzuia mwizi yeyote mwenye nia. Linaendelea kumzuia mzazi wa Buruburu aliyenunua diski ya watoto na ana skrini ya zamani. Watengenezaji wa filamu wakitaka Wakenya wanunue halali, waanze kwa kuhakikisha cha halali kinacheza kirahisi kama cha kwenye flash. Hilo nalisema nikiwa upande wa wasanii, maana najua nao wanakula kwa kazi hiyo.

Bwana asifiwe. Kanisa letu linataka kuonyesha vijana filamu kutoka kwa kichezeshi kimoja kwenda projekta na skrini mbili za kompyuta. Splita tuliyonunua inatoa giza. (Mzee wa kanisa, Dandora)

Mzee, splita nayo lazima iwe na HDCP, kwa sababu inahesabiwa kama kituo cha njiani. Nunua iliyoandikwa hivyo kwenye kasha, na uhakikishe projekta na skrini zote mbili zinakubali. Moja ikikataa, splita nyingi huzima zote. Unganisha moja moja upate ni ipi inayokataa.

Hukuuliza, ila ni lazima nikwambie: diski ya nyumbani imeuzwa kwa kutazamwa nyumbani. Ukumbi wa watu mia ni maonyesho ya hadhara, na yanahitaji idhini ya mwenye filamu. Upande wa maonyesho na umri wa watazamaji, muulize Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Ni bora muulize kabla ya kubandika mabango.

Nimeunganisha dikoda na skrini kwa kebo ya HDMI kwenda DVI. Picha ipo, sauti hakuna. Ni HDCP? (Msomaji, Githurai)

Si HDCP, ingekuwa hiyo ungekosa picha. Tundu la DVI kwa kawaida halipokei sauti. Chukua sauti nyuma ya dikoda, kwenye matundu mekundu na meupe, upeleke kwenye spika.

Shangazi ametuletea DVD kutoka Uingereza. Kompyuta inasema eneo si sahihi. Nibadilishe skrini? (Msomaji, Rongai)

Usibadilishe skrini. Hilo ni suala la kanda, yaani sehemu za dunia ambazo diski zimegawiwa: DVD za Uingereza ni za kanda ya 2, Kenya iko kanda ya 5. Drive ya kompyuta hukubali kubadilishwa kanda mara 5, kisha inajifunga moja kwa moja kwenye ile ya mwisho, kwa hiyo usiichezee ovyo. Mwambie shangazi safari ijayo alete Blu-ray. Kwa hizo Uingereza na Kenya ziko kanda moja, B. Lakini kwanza nitumie namba ya modeli ya skrini yako.